Taa Zilizofichwa kwenye Ngazi za Nje: Kinga dhidi ya Kuanguka Usiku

Kuanguka ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vitokanavyo na ajali. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 684,000 hufariki duniani kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Walio na umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaofariki zaidi. Kwa mzee, kuteleza mara moja kunaweza kuvunja nyonga. Nyonga iliyovunjika humweka kitandani, na kulala kwa muda mrefu huleta vidonda vya mgandamizo, nimonia na kuganda kwa damu katika mishipa ya miguu. Aliyezoea kwenda mwenyewe dukani au kwenye ibada ya alfajiri anaweza asitembee tena bila kushikwa mkono.

Sehemu moja ya hatari hiyo ipo mlangoni: vidato vichache vya zege kutoka barazani hadi uani. Zege lina rangi moja ya kijivu, na gizani kingo za vidato hupotea machoni. Taa za LED za utepe zilizofichwa chini ya kingo hizo zinaweza kusaidia, iwapo zitafungwa kwa kuzingatia namna jicho linavyoona.

Jicho la mzee gizani

Kadiri umri unavyoongezeka, mboni huwa ndogo na lenzi ya jicho hugeuka ya manjano na kupoteza uangavu. Kwa sababu hiyo, retina ya mtu wa miaka 60 hupata takribani theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Aidha, mtu anayetoka sebuleni penye mwanga kwenda uani penye giza huhitaji dakika 20 hadi 30 ili macho yazoee giza kikamilifu, ilhali ngazi huifikia kwa sekunde chache.

Mtoto wa jicho, glakoma na madhara ya kisukari kwenye retina huongeza tatizo hili. Miwani yenye lenzi za sehemu mbili nayo hufanya kidato kilicho miguuni kionekane kwa ukungu, kwa kuwa sehemu yake ya chini imekusudiwa kusomea.

Kwa nini taa ifichwe

Wengi hudhani kwamba taa kubwa juu ya mlango inatosha. Taa hiyo humulika kutoka nyuma ya anayeshuka, hivyo kivuli chake huangukia vidato anavyotaka kukanyaga. Kwa anayepanda, humpiga machoni. Mng'ao huo humsumbua zaidi mwenye mtoto wa jicho, kwa kuwa lenzi yenye ukungu hutawanya mwanga ndani ya jicho.

Taa ya utepe ikifungwa chini ya ukingo uliotokeza mbele, humulika kidato kinachofuata bila yenyewe kuonekana na anayeshuka. Anayesimama juu huona ukingo kama mstari mweusi ulio mbele ya kidato chenye mwanga. Mstari huo ndio unaouongoza mguu. Kwa kuwa anayepanda anaweza kuziona taa kutoka chini, utepe uelekezwe chini na nyuma, na ufunikwe kwa plastiki nyeupe inayotawanya mwanga.

Kila ukingo uwe na taa yake, kuanzia wa juu kabisa hadi wa mwisho unaomulika ardhi. Kidato kimoja chenye giza katikati ya vyenye mwanga humdanganya mtembeaji. Taa iliyozimika ibadilishwe mara moja.

Mwanga wa manjano hafifu, wa kelvini 2700 hadi 3000, unafaa zaidi kuliko mweupe wa samawati. Huvuta wadudu wachache, na hausumbui sana usingizi wa anayeamka usiku.

Ufungaji

Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni. Nchini Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA. Mwenye nyumba anapaswa kujua mambo yafuatayo ili aweze kuisimamia.

1. *Vipimo.* Ngazi yenye kingo tano za mita 1.2 kila moja huhitaji mita 6 za utepe. Utepe wa wati 4.8 kwa mita utatumia wati 28.8. Ikiongezwa akiba ya asilimia 20, adapta ya wati 40 inatosha. Zikiwaka saa 12 kila usiku, taa hizo hutumia takribani uniti 10 za umeme kwa mwezi.

2. *Zege.* Zege jipya liachwe likomae kwa siku 28 kwanza. Gundi ya utepe haishiki vizuri kwenye zege lenye vumbi au unyevu. Utepe uwekwe ndani ya mfereji mwembamba wa alumini uliofungwa kwa skrubu. Ikilazimu kuchonga zege, mchongo usiwe wa kina, usije ukadhoofisha ukingo au kufikia nondo. Vumbi la zege lina silika inayodhuru mapafu: eneo lilowanishwe, na fundi avae barakoa ya kuchuja vumbi pamoja na miwani ya kinga.

3. *Maji na chumvi.* Utepe uwe na kiwango cha IP67, kinachozuia vumbi na maji. Utepe hukatwa penye alama zake tu, na kila ncha na kiungo kizibwe kwa silikoni, hasa maeneo ya pwani ambako hewa ya chumvi hula shaba.

4. *Umeme.* Taa ziwe za volti 12 au 24, na adapta iwekwe ndani ya nyumba au kwenye kisanduku kisichoingiza maji. Njia ya umeme iwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Kila kidato kiunganishwe kivyake, ili kimoja kikiharibika vingine viendelee kuwaka. Kihisi cha giza kinafaa kuliko swichi inayoweza kusahaulika.

Pasipo taa

Taa haitibu ngazi mbovu. Vidato vyenye vimo tofauti, vigae vinavyoteleza na ukosefu wa mahali pa kushika virekebishwe kwanza. Umeme nao hukatika. Mstari wa rangi nyeupe au ya manjano kwenye kila ukingo ni wa gharama ndogo, na husaidia hata kwa mwanga wa tochi.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa mzee, aliyefanyiwa upasuaji wa macho, au anayetumia dawa za usingizi au za shinikizo la damu, aulizwe maswali matatu kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani: Je, kuna ngazi nje ya mlango? Je, huipita usiku? Je, akisimama juu yake gizani anaweza kuhesabu kingo zote? Jibu la swali la mwisho likiwa hapana, familia ishauriwe kuitengeneza ngazi hiyo kabla mgonjwa hajafika nyumbani.