Akili ya Taa Ikae Ukutani

Ukiingia leo katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo au River Road, muuzaji hatakosa kukuonyesha balbu inayowashwa kwa simu, inayobadili rangi na kupunguza mwanga kwa kidole. Atakwambia pia kwamba itakupunguzia gharama za umeme. Hilo la mwisho linapimika, na ukilipima unakuta sifa imekwenda kwa asiyestahili. Balbu ya kizamani ya wati 60 na balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana. Nyumba yenye taa 10, kila moja ikiwaka saa 5 kwa usiku, ingekula uniti 90 kwa mwezi kwa balbu za kizamani, na uniti 13.5 kwa LED. Kwa bei ya Sh 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kiwango kilichozoeleka kwa wateja wa TANESCO wa kundi la T1, hiyo ni tofauti kati ya takriban Sh 26,300 na Sh 3,900. Karibu nafuu yote imeletwa na LED, na LED hiyo haihitaji simu wala intaneti.

Tena balbu janja, hiyo inayowashwa kwa simu, haizimiki kabisa. Ndani yake mna redio ndogo inayokaa macho usiku na mchana ikisubiri amri, na redio hiyo hula umeme. Tangu Septemba 2021 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nusu wati kwa taa ya aina hiyo inapokuwa imezimwa lakini ikisubiri. Nusu wati ni kidogo, ila ikizidishwa kwa balbu 10 na saa 19 za kusubiri kila siku inafika karibu uniti 2.9 kwa mwezi, yaani zaidi ya moja ya tano ya umeme ambao taa zenyewe zinautumia zikiwaka. Ili balbu iliyofika kikomo hicho ifidie ulaji wake, lazima iwake pungufu kwa zaidi ya saa 1 kila usiku kuliko ambavyo ingewaka kwa swichi ya kawaida. Katika nyumba ambayo watu wamezoea kuzima taa wakitoka chumbani, hilo ni gumu. Kwa hiyo mwenye kutaka kuokoa umeme anunue LED za kawaida zenye ubora, na shughuli yake imekwisha.

Kinachobaki ni urahisi wa kuziongoza taa, na urahisi si jambo la kubeza. Lakini kama tunanunua urahisi, basi mfumo upimwe kwa urahisi huohuo: je, taa inamtii kila aliye ndani ya nyumba, wakati wowote? Hapo ndipo balbu janja inapojikwaa. Ili redio yake iishi, swichi ya ukutani haina budi kuachwa imewashwa siku zote. Nyumba ya kwetu, hata hivyo, haina mtu mmoja. Ina bibi, ina watoto, ina dada wa kazi, ina wageni wa Idi na Krismasi, na wote mikono yao inajua swichi iko wapi. Mmoja akiizima, balbu inakatika mawasiliano na simu ya baba haiwezi tena kuiamsha. Matokeo yake ni karatasi zilizobandikwa ukutani zikisema "usizime hapa", na mgeni anayelazimika kuuliza namna ya kuwasha taa ya chooni.

Liongeze suala la mtandao. Balbu nyingi za bei nafuu huunganishwa na Wi-Fi, na amri inayotoka kwenye kochi hadi darini, hatua chache tu, mara nyingi huzunguka kwanza hadi kwenye seva ya kampuni nchi za mbali. Katika kaya nyingi Wi-Fi yenyewe ni bando la simu ya mtu, na mtu huyo akitoka, intaneti inatoka naye. Halafu kuna kukatika kwa umeme. Balbu nyingi janja, zisipopangwa vingine, huwaka kwa nguvu zote umeme unaporudi, kwa sababu haziwezi kujua kama ni swichi iliyozimwa na kuwashwa au ni laini ya mtaa mzima. Umeme ukirudi saa tisa usiku, nyumba nzima inawaka kama ukumbi wa harusi. Baadhi ya programu zina mpangilio wa kurekebisha hilo, na ajabu ni kwamba wauzaji hawautaji.

Utegemezi wa seva una hatari kubwa zaidi kuliko bando kuisha. Revolv, kifaa cha kuongozea nyumba kilichouzwa Marekani kwa karibu dola 300, kilinunuliwa na Nest, kampuni ya Google, mwaka 2014. Mei 2016 seva zake zilizimwa, na kifaa kilichokuwa kizima kabisa kikabaki boksi la plastiki. Aprili 2022 ikaja zamu ya Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya aina hiyo: seva zilinyamaza bila taarifa kwa wateja, na programu za simu zikafa. Kisa hiki cha pili kinafundisha zaidi, kwani swichi za Insteon zilizokuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe ndani ya nyumba ziliendelea kuwasha taa. Vivyo hivyo kwa taa janja za Philips Hue: kitovu chao cha kwanza cha kuziunganisha taa, kilichoanza kuuzwa 2012, kilikatwa intaneti Aprili 2020, lakini mwenye nacho aliendelea kuongoza taa zake akiwa nyumbani. Kampuni hufa, hununuliwa, hubadili mawazo. Nyumba ya tofali inakaa miaka hamsini.

Ndiyo maana nashauri akili hiyo iwekwe kwenye swichi, au nyuma yake, na balbu ibaki ya kawaida. Hapo bibi anabonyeza kama alivyozoea, simu nayo inafanya kazi, na hakuna anayemharibia mwenzake. Balbu ikiungua unanunua nyingine duka la jirani. Ugumu uko kwenye nyaya, na huu lazima uelezwe kwa kina maana ndipo pesa zinapopotea. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimefuata utaratibu wa Kiingereza: nyutro inaishia juu, kwenye holda ya darini, na zinazoshuka hadi kwenye swichi ni nyaya mbili tu, laivu inayokwenda na laivu inayorudi. Swichi janja nyingi zinahitaji nyutro ili redio yao ipate umeme. Ukinunua swichi nzuri, fundi akafungua boksi la ukutani na kukuta nyaya mbili, atakushauri ama uchimbe ukuta upya ama ununue swichi isiyohitaji nyutro. Hii ya pili hujipatia umeme kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu hata ikiwa imezimwa, na LED ya wati chache inaweza kubaki inamulika hafifu au kupepesa usiku kucha, mpaka ifungwe kapasita ndogo pale kwenye taa. Njia ya tatu mara nyingi ndiyo bora: kuna vimoduli vidogo ambavyo fundi anaweza kuvifunga huko juu darini, ambako nyutro ipo tayari, na swichi ya zamani ikabaki ukutani ikituma amri. Dari la jipsamu lenye nafasi ya kupitisha mkono hurahisisha kazi. Zege hulazimu kutafuta njia nyingine. Kwa anayejenga sasa, amwambie fundi ashushe nyutro katika kila swichi kabla lipu haijapigwa. Ni gharama ya waya tu.

Kwa korido, ngazi, choo cha nje na geti, hata moduli haihitajiki. Taa ya sensa, inayohisi joto la mwili linalopita, au ile inayowaka giza likiingia, inafanya kazi bila programu, bila nywila na bila kampuni inayoweza kufilisika.

Watapinga wengine kwamba ulinzi unataka zaidi: ukisafiri, taa ziwake na kuzimika kana kwamba kuna watu. Ni kweli, lakini ratiba hiyo inaweza kuhifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe au kwenye kitovu kilichopo nyumbani. Vifaa vinavyotumia redio ya Zigbee, na vile vinavyofuata kiwango cha Matter kilichotoka Oktoba 2022, vimeundwa kuzungumza ndani ya nyumba bila kupitia seva ya mbali. Dukani uombe jambo moja tu: wakate intaneti ya modemu, kisha wawashe taa kwa simu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mtu mwenye ulemavu au mzee asiyeweza kuinuka usiku. Kwake kuwasha taa kwa simu au kwa sauti ni uhuru, si anasa. Hata hivyo yeye ndiye anayeumia zaidi mfumo unapogoma, kwa hiyo swichi inayofanya kazi bila mtandao inamfaa kuliko mtu mwingine yeyote.

Mpangaji peke yake ndiye ambaye hoja hii haimfungi. Hawezi kufungua dari la mwenye nyumba, wala hana sababu ya kuacha moduli za thamani katika ukuta usio wake. Yeye achukue balbu janja moja au mbili, za chumbani na sebuleni, ahakikishe kwanza kama holda zake ni za pini au za kuzungusha, anunue na kitufe kidogo kisichotumia waya akibandike kando ya swichi, na siku ya kuhama azifungue azitie kwenye boksi, arudishe zile alizozikuta.