POTOPOTO SI UDONGO WA BURE

Hapa Kalemie tunasikia mara mingi watu wakisema: "Ile ni potopoto tu, tuijaze udongo, tujenge." Sisi wanafunzi tumeona vema kueleza kazi ya kinamasi, na kama kikiisha kuharibika kinaweza kupona.

Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa nguvu pamoja na udongo. Yakiingia ndani ya matete na mafunjo, mwendo wake unapungua. Udongo unabaki pale, maji yanatoka polepole na safi zaidi. Kambale wanazaa humo. Wakati wa kiangazi, maji yaliyowekwa akiba yanaendelea kutoka kidogo kidogo.

Lakini tusidanganyane: kinamasi hakiwezi kuzuia ziwa Tanganyika lisipande. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio Lukuga yetu. Miaka ya 1870 mlango ule ulizibwa na matope na majani. Mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Maana yake, sehemu za chini za ufuko zilikuwa ziwa zamani. Mafuriko ya 2021 na 2024 yametukumbusha. Anayejaza potopoto ya ufukoni anajenga katika njia ya maji.

Je, kinamasi kilichoharibika kinapona? Ndiyo. Kule Rwanda kaskazini, watu walichimba mifereji katika kinamasi cha Rugezi, wakalima ndani. Maji ya Rugezi huingia ziwa Bulera, linaloendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Miaka ya 2003 na 2004 ziwa lilishuka sana, umeme ukapungua. Mvua kidogo na mitambo isiyotunzwa vizuri vilichangia pia. Serikali ikakataza kulima mle, ikapandisha miti na majani ya kushika udongo. Maji yakarudi, na umeme nao. Mwaka 2005 Rugezi iliandikwa katika orodha ya Ramsar, mapatano ya mataifa ya 1971 juu ya vinamasi, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 1996. Lakini wakulima wa Rugezi walipoteza mashamba, na hilo tusilisahau.

Kazi yenyewe ni hii:
1. Kuziba mifereji, sababu pasipo maji hakuna kinamasi.
2. Kuacha kuchoma na kukata ovyo. Mizizi ikiwa hai, mafunjo yanaota yenyewe. Ikiwa imekufa, tupande vipande vya mizizi kutoka mahali pengine.
3. Kupanda miti juu mlimani, udongo usishuke wote.
4. Kumtafutia mkulima shamba lingine kabla ya kumtoa. Mtu mwenye njaa atarudi usiku na jembe lake.

Kuharibu ni kazi ya juma moja. Kuponya ni kazi ya miaka. Basi ndugu, mkisikia mtu anataka kujaza potopoto, mwulizeni swali moja: maji ya mlimani yatapita wapi? Kama hana jibu, yatapita ndani ya nyumba yake, ama ya jirani.