MIEZI MITATU YA MWANZO UGENINI



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, karibu kila mwaka madrasa zetu za Mbeya na Iringa huwaaga vijana wanaokwenda kusoma nchi za nje. Wengine huenda Madina, wengine Misri, wengine Uturuki. Wapo pia kaka na dada zao wanaokwenda Omani kutafuta riziki. Siku ya kuagana dua husomwa, pilau hupikwa, picha hupigwa. Kisha basi huondoka stendi, likapita Makambako na Mafinga, likateremka mlima Kitonga kuelekea Dar es Salaam, nasi hurudi darasani tukidhani kazi imekwisha. Kumbe kwa yule aliyeondoka ndiyo kwanza imeanza.

Miaka kadhaa iliyopita kijana wetu mmoja, msomaji mzuri wa Qur'ani, alirudi nyumbani kabla hajamaliza miezi minne. Hakufukuzwa wala hakufeli. Kila alipopiga simu alisema, "Salama, alhamdulillahi," nasi tukaridhika. Aliporudi ndipo alipotueleza kwamba tangu wiki ya tatu hakuwa akipata usingizi, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Tuliumia sana, kwa sababu yaliyomsibu yalikuwa ya kawaida na yangepita. Makala hii tumeiandika ili anayeondoka ajue yaliyo mbele yake, na anayebaki ajue namna ya kumsaidia.

MASAHABA NAO WALIKUMBUKA KWAO

Wako wanaodhani kwamba kukumbuka nyumbani ni udhaifu wa imani. Sivyo. Waislamu walipohama Makka kwenda Madina mwaka 622, Abubakar (R.A.) na Bilal (R.A.) walishikwa na homa. Bilal, ambaye Makka aliteswa mchana wa jua kali, alikuwa homa ikipungua akitamani kuyaona tena mabonde na maji ya Makka. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Alimwomba Mwenyezi Mungu awafanye waipende Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Basi kupenda mahali papya ni jambo la kuombewa na la kungojewa. Haliji siku ya kwanza.

Tukumbuke pia kisa cha Abdurrahman bin Auf (R.A.). Aliunganishwa udugu na Saad bin Rabii (R.A.), Answari mwenye mali, naye Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaenda, akaanza na biashara ndogo ya jibini na samli. Hapa kuna somo la pande mbili: mwenyeji afungue mlango, na mgeni asione haya kuuliza njia.

HALI YA HEWA, SAA NA LUGHA

Sisi tumezoea baridi. Mwezi wa Juni na Julai, watoto wa Uyole na Mafinga huja madrasa na masweta. Kijana huyo huyo akishuka Maskati au Madina wakati wa kiangazi hukutana na joto linalopita nyuzi 40. Kichwa kitamuuma, hamu ya chakula itapungua, atadhani ni ugonjwa. Mara nyingi ni mwili unazoea. Anywe maji kabla hajasikia kiu, asitembee juani mchana bila sababu. Wenyeji wenyewe hulichunga jua: sheria ya Omani huzuia kazi za nje kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, mwezi wa Juni mpaka Agosti.

Saa hizo tumezitaja kwa hesabu yetu, na hapa pana mtego. Mwanafunzi mmoja aliambiwa na karani afike ofisini "saa thamaniya". Akatafsiri kichwani: saa nane. Akafika saa nane yetu, baada ya Adhuhuri, akakuta watu wameshahudumiwa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, wao huanza usiku wa manane. Saa thamaniya ya asubuhi kwao ni saa mbili kwetu. Tofauti ni saa sita daima. Andika kwenye karatasi, ubandike juu ya kitanda mpaka uzoee.

Kuhusu lugha, Kiarabu tunachosoma hapa ni fus-ha, lugha ya vitabu. Ukizungumza nayo na dereva wa teksi atakuelewa, pengine atatabasamu, halafu atakujibu kwa lahaja ya mtaani nawe usiambulie kitu. Usivunjike moyo. Hata Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, kina kitengo cha kuwafundisha Kiarabu kwanza wageni wanaokihitaji. Na sisi Waswahili hatuanzi mikono mitupu: sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, mia, elfu, zote asili yake ni Kiarabu. Anayezijua hizo hapotei sokoni. Omani nako utawakuta wazee na vijana wanaozungumza Kiswahili, kwa sababu ya udugu wa siku nyingi kati ya nchi ile na Zanzibar. Watafute, uwasalimie.

SWALA

Hapa Mbeya na Iringa tunaposwali tunaelekea kaskazini, kidogo upande wa mashariki. Aliyeko Madina huelekea kusini. Aliyeko Maskati huelekea magharibi. Siku za mwanzo mwili wenyewe hukataa, unageuka ulikozoea. Usisimame kwa mazoea, uliza kibla.

Jambo la pili ni kupunguza swala. Wapo wanaoendelea kuswali kisafari mwezi mzima kwa kuwa wako mbali na kwao. Katika madhehebu ya Shafi, anayefika mahali akiwa amenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili tangu anapofika. Mwanafunzi wa miaka minne si msafiri tena.

Jambo la tatu ni tofauti utakazoziona. Hapa kwetu wengi tumezoea kunuti katika Alfajiri na Bismillahi kwa sauti. Madina hutayasikia hayo. Omani utawakuta Ibadhi wanaoswali wakiwa wameachia mikono, wala hawasemi "amin" baada ya Alhamdu. Usianze mabishano. Sikiliza, soma, waulize wanazuoni. Na utakaporudi usiwadharau wazee waliokufundisha alifu na bee. Haya yameshagombanisha watu ndani ya misikiti, na chanzo kikawa kijana aliyesoma mwaka mmoja tu.

MWEZI WA PILI

Wengi waliotutangulia wanakubaliana katika hili: mgumu zaidi si mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza kila kitu ni kipya. Mwezi wa pili upya umekwisha na mazoea hayajaja. Wali kila siku, nawe unatamani ugali wa moto na maharage. Wenzako wanacheka darasani, hujui wamecheka nini. Usiku ndio mrefu.

Wakati huo usikate shauri lolote kubwa. Usinunue tiketi ya kurudi, usiache masomo, usihame chuo. Subiri mwezi wa tatu uishe ndipo upime. Wakati unangoja, fanya mambo matatu: kula pamoja na watu angalau mara moja kwa siku, swali jamaa msikiti ule ule ili sura yako ijulikane, na mtafute Mtanzania aliyekutangulia umweleze ukweli. Usingizi ukikosekana wiki nzima, au chakula kikikataa kabisa, nenda hospitali. Si aibu.

KARATASI ZAKO

Pasi ya kusafiria ni mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Usimwachie mtu akufichie, na uache nakala nyumbani. Anayekwenda kufanya kazi asitie saini mkataba asiouelewa. Ausomewe kwa Kiswahili kabla hajaondoka, na familia ibaki na nakala yenye jina na anwani ya mwajiri. Hasa tunawaasa dada zetu wanaokwenda kazi za majumbani, kwani mwenye kuishi ndani ya nyumba ya watu hana jirani wa kumkimbilia haraka.

Kisha jiandikishe ubalozini. Tanzania ina balozi Maskati, Riyadh, Cairo na Ankara. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Serikali iliwarudisha nyumbani mwezi huo huo Watanzania waliokuwa Sudan, wengi wao wakiwa wanafunzi. Siku kama hiyo hutafutwa kwanza yule ambaye jina lake linajulikana.

NENO KWA WAZAZI

Lugha yetu ina adabu nzuri, lakini adabu hiyo inaweza kuficha jambo. Ukimwuliza mtu "hujambo?" atajibu "sijambo" hata akiwa na homa. Ukisema "habari za huko?" atasema "nzuri". Hakudanganyi, anarudisha salamu. Ndivyo tulivyompoteza kijana wetu yule: tulimsalimia kila wiki, hatukumwuliza.

Basi mkimaliza salamu, ulizeni. Jana ulikula nini? Ulikula na nani? Ulilala saa ngapi? Nani rafiki yako huko? Jambo gani limekushinda wiki hii? Akinyamaza, msikate simu. Wala msimwambie "kaza moyo" kabla hajamaliza kusema.

Tena msimtumie orodha ya mahitaji. Posho ya mwanafunzi ni ya kula na vitabu, haijengi nyumba Mwanjelwa. Kijana anayedaiwa simu, bati na ada za wadogo zake hawezi kusema kwamba hana furaha, maana ataona amewaangusha nyote. Msimpigie usiku sana pia: saa za Madina ni sawa na zetu, lakini Maskati wako mbele kwa saa moja.

Nasi walimu tumejiwekea wajibu. Kila atakayeondoka atapewa mwalimu mmoja wa kuzungumza naye kila Ijumaa kwa miezi mitatu, na jambo la kwanza atakaloambiwa ni kwamba ana ruhusa ya kusema, "Si salama."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awahifadhi watoto wetu walio mbali, awapendezeshe mahali walipo, na awarudishe kwetu na elimu yenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.