Tajiri Akiondoka, Timu Inabaki na Nini?

Oktoba 2020 Simba, bingwa mtetezi wa Tanzania Bara, ilifika hapa Sumbawanga na kufungwa bao 1-0 na Tanzania Prisons katika Uwanja wa Nelson Mandela. Timu ya Magereza ikaiangusha timu ya tajiri. Hata hivyo, msimu ulipokwisha, kombe lilikwenda Simba. Mechi moja unaweza kuishinda kwa moyo. Ligi ya mechi 34 inahitaji na mfuko. Tujiulize basi: fedha ya tajiri inafanya nini katika timu, na inafika wapi?

Kazi yake ya kwanza ni kuondoa njaa. Mshahara ukilipwa kwa wakati, kocha akidumu na safari zikiwa na uhakika, mchezaji anawaza mpira tu. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali mabadiliko, na Mohammed Dewji akashinda zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20. Kuanzia msimu wa 2017/2018 Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo. Yanga nayo, ikiwa na nguvu ya kampuni ya GSM, ilichukua mara nne mfululizo kuanzia 2021/2022, na mwaka 2023 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ililikosa kombe hilo kwa kanuni ya bao la ugenini.

Tajiri naye hupata chake. Jezi inayovaliwa na mamilioni ni tangazo linalotembea lenyewe. Hilo si dhambi; biashara halali haihitaji kujificha.

Lakini fedha ina mipaka. Azam FC ya familia ya Bakhresa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008. Ina uwanja wake Chamazi na kituo cha kulea vijana. Ilitwaa ubingwa msimu wa 2013/2014 bila kupoteza mechi hata moja, lakini hadi 2024/2025 haikuwa imeurudia. Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na Simba 1936. Umati uliorithishana timu kutoka babu hadi mjukuu haununuliwi sokoni.

Mpaka mwingine ni mkali zaidi. Chini ya uenyekiti wa Yusuf Manji, Yanga ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2015 hadi 2017. Alipojiuzulu mwaka 2017, mishahara ikawa shida, na klabu hiyo kongwe ikaanza kuwachangisha mashabiki wake. Watu wakaita kutembeza bakuli. Wanachama walikuwepo, kadi zilikuwepo, makombe yalikuwa kabatini. Kilichokosekana ni mfumo wa kuiendesha klabu bila mtu mmoja.

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na jambo hili kwa Aristotle. Anafundisha kwamba utajiri si lengo la mwisho, kwa maana hutafutwa kwa ajili ya kitu kingine. Anaitaja pia fadhila ya tajiri anayetumia mali nyingi kwa jambo la watu wote, na anamtofautisha na yule anayetumia ili aonekane. Wote wawili wanaweza kutoa kiasi kilekile. Tofauti ni kile kilichokusudiwa, na hicho hujulikana vizuri mtoaji anapokuwa hayupo.

Ndiyo maana agizo la serikali kwamba wanachama wabaki na asilimia 51, na mwekezaji asizidi 49, lina maana kubwa kuliko hesabu yake. Linamwambia tajiri: karibu, jenga, lakini nyumba ina wenyewe. Nalo linawadai wenyewe wasome mahesabu, wahudhurie mikutano na waulize maswali, badala ya kungoja usajili tu.

Wazee wa Ufipa walifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo. Zikioza, ndizo zilizolisha ulezi wa msimu uliofuata. Mbolea ya dukani huzaa haraka, na hatuikatai. Ila mwaka fedha zikikosekana, shamba lisilofukiwa kitu linakudai.

Leo mkoa wetu hauna timu Ligi Kuu. Prisons ni ya Mbeya, ilikuja kama mgeni ikaondoka. Vijana wengi wa Sumbawanga wanasema tunachokosa ni tajiri. Huenda ni kweli, na akija tumpokee kwa furaha. Lakini tusimuulize kwanza atasajili nani. Tumuulize ataacha nini: uwanja, kituo cha vijana, vitabu vya fedha vilivyo wazi, wanachama wenye sauti? Na sisi tujiulize kama tumeshaanza kufukia nyasi zetu, kwa ada ndogo za wanachama na ligi za kata zinazochezwa bila kungoja mgeni.