Dawa Ipigwe Jioni: Hoja ya Kuwalinda Nyuki wa Meru

Kwenye mashamba yanayouzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Tengeru na Usa River, ni vigumu siku hizi kumkuta mkulima wa mboga asiye na bomba la dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga Kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kuwa zaidi ya nusu yao walipiga dawa mara tano au zaidi kwa msimu, na kama theluthi moja walichanganya dawa za aina mbalimbali. Kisha mwaka 2014 kanitangaze, mdudu anayeangamiza nyanya, akabainika Arumeru kwa mara ya kwanza nchini, na mabomba yakazidi kufanya kazi. Tatizo ni kwamba dawa nyingi za wadudu hazimtofautishi kiwavi na nyuki. Anayezipiga mchana, maua yakiwa yamechanua, anaweza kupunguza mavuno yaleyale anayotaka kuyaokoa.

Tazama parachichi, zao linalozidi kupandwa ukanda huu. Ua lake hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, hujifunga, kisha hufunguka tena likiwa dume. Chavua lazima ibebwe kutoka ua hadi ua, na wabebaji wakuu ni wadudu. Maboga, matango na matikiti nayo hayazai vizuri bila wao, kwa kuwa ua dume na ua jike ni tofauti. Hata kahawa, ambayo huweza kujichavusha, hufaidika: utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 uligundua kuwa matunda ya maua yaliyofikiwa na wachavushaji yalikuwa mazito zaidi kwa kama asilimia 7.

Nyuki aliyepata sumu kali mara nyingi huonekana karibu na mzinga, amekufa huku ulimi umetoka nje. Lakini si kila madhara huonekana hivyo. Dawa za kundi la imidakloprid hufyonzwa na mmea na kuweza kufika kwenye chavua na mbochi. Kiasi kidogo kisichoua papo hapo huweza kumfanya nyuki apotee njia ya kurudi mzingani. Kwa sababu kama hizo Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za kundi hilo kwenye mashamba ya wazi.

Mkulima wa nyanya atasema: nikiacha dawa, kanitangaze atamaliza shamba. Ana haki ya kuhofu, ila hakuna anayemtaka akunje mikono. Anachoombwa ni kukagua shamba kwanza, kutumia mitego ya kunasa nondo wa kanitangaze, na pale dawa inapolazimu, kuipiga jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Kupiga jioni hakuondoi hatari ya dawa zinazofyonzwa au zinazokaa muda mrefu. Hizo zisitumike kabisa karibu na kuchanua. Mwingine atasema mahindi na maharage hayamhitaji nyuki. Ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini nyuki hufuata chavua ya mahindi na huweza kuruka kilomita tatu na zaidi. Sumu ya shamba la mahindi huweza kukata mavuno ya parachichi kwa jirani na asali kwa mfugaji nyuki.

Ndiyo maana mkulima mmoja mwangalifu hatoshi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao Ngaramtoni, inasimamia dawa zinazoingia sokoni, lakini haiwezi kusimama kwenye kila shamba saa nne asubuhi. Wakulima wenyewe wanaweza. Jamii za Meru zimezoea kugawana maji ya mifereji kwa zamu, na anayevunja zamu huulizwa kikaoni. Vikao hivyohivyo vikubaliane jambo moja zaidi: maua yakichanua, hakuna kupiga dawa mchana, na mwenye mizinga apewe taarifa siku moja kabla ya dawa kupigwa. Mkulima msomaji, lipeleke hili kwenye kikao chenu kijacho, kabla msimu wa maua haujafika.