Jicho la Mtoto wa Namatala na Mwali wa Mulago

Jioni ya Namatala huingia na moshi. Mkaa unawashwa milangoni, chapati zinageuzwa kando ya barabara, wazee wamezunguka chungu cha pombe ya malwa kila mmoja na mrija wake, na watoto wanafukuzana kwenye vichochoro vya mtaa huu wa Mbale, Uganda. Saa hizo, kiza kikishatua na tochi ya simu ikiwashwa, mama anaweza kuona kitu ambacho mchana kutwa kilijificha: mboni ya mtoto wake inarudisha mwanga mweupe, kama jicho la paka lililomulikwa njiani.

Majirani watasema ni kijicho cha watu. Huenda ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji. Lakini huenda pia ni retinoblastoma, saratani inayoota kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Duniani humpata mtoto mmoja kati ya takriban 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na wengi hubainika nayo kabla ya kutimiza miaka mitano.

Familia ikishaambiwa jina la ugonjwa, haichukui muda kuuliza: akichomwa mionzi, jicho litabaki? Swali hilo limewahangaisha madaktari kwa zaidi ya miaka 100. Saratani inaweza kuuawa kwa mionzi. Kazi ngumu ni kuiua bila kuunguza kilicho kizima pembeni yake.

Gololi yenye vyumba vingi

Jicho la mtu mzima lina upana wa milimita 24 hivi, sawa na gololi kubwa. Ndani ya gololi hiyo kila kitu ni jirani wa mwenzake. Lenzi haistahimili mionzi: dozi ndogo tu huweza kuifanya ipate ukungu miezi au miaka baadaye. Retina na neva inayopeleka picha kwenye ubongo huvumilia zaidi, lakini dozi ikikaribia vipimo 50 vya Gray, vimishipa vya damu huanza kuziba na kuvuja, na mtu hupoteza uoni taratibu wakati saratani yenyewe imeshakwisha. Tezi ya machozi ikiungua, jicho hukauka na kuwasha kama lina mchanga. Kwa mtoto mdogo kuna hasara nyingine: mfupa wa tundu la jicho uliopigwa mionzi hudumaa, na akikua uso unabaki umebonyea upande mmoja.

Mionzi haichagui. Ikipita, seli ya saratani na seli nzima zote huumia. Tofauti ni kwamba seli nzima ina uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza ikipewa muda, na hapo ndipo palipozaliwa kinga ya kwanza. Dozi haitolewi kwa mkupuo mmoja. Hukatwa vipande vidogo, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, ili usiku ufanye kazi ya kukarabati kilichoumizwa mchana.

Kinga ya pili ni shabaha. Kabla ya tiba kuanza, mgonjwa hulazwa chali na karatasi ya plastiki yenye vitundu, iliyolainishwa kwenye maji ya moto, hutandazwa usoni pake. Ndani ya dakika chache hupoa na kukauka, ikichukua umbo la pua, shavu na kidevu. Kila siku ya tiba barakoa hiyohiyo hufungwa mezani ili kichwa kisisogee hata milimita chache. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia hupewa dawa ya usingizi. Mwali hupimwa pembe yake ili upitie nyuma ya lenzi, na sehemu zisizohusika hukingwa kwa vizuizi vya risasi au metali nyingine nzito.

Kisahani cha dhahabu

Zipo nchi zilizokwenda mbali zaidi. Huko London, kuelekea mwaka 1930, daktari Foster Moore alipandikiza mbegu za radoni zenye mionzi ndani ya uvimbe wa jicho badala ya kuupiga mwali kutoka nje. Kazi hiyo iliendelezwa na Henry Stallard, mkimbiaji aliyepata medali ya shaba ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Paris ya 1924 kabla ya kubobea katika upasuaji wa macho. Stallard alitengeneza visahani vya koboliti vya kushonwa juu ya ukuta wa jicho, usawa wa uvimbe.

Siku hizi kisahani hicho mara nyingi ni cha dhahabu, kimebonyea kama kifuniko cha chupa, na ndani yake zimepangwa mbegu ndogo za iodini yenye mionzi. Dhahabu huizuia mionzi isitoke kwa nyuma, hivyo sehemu kubwa huelekea upande wa uvimbe. Kisahani hukaa siku kadhaa, kisha hutolewa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wagonjwa 1,317 wa melanoma, saratani nyingine ya jicho, ulitoa majibu mwaka 2001: waliowekewa kisahani waliishi sawasawa na waliong'olewa jicho. Mwaka 2010, watafiti wengine wa huko walionyesha kwamba ute wa ndani ya jicho ukitolewa na kuwekwa mafuta ya silikoni, mafuta hayo hupunguza mionzi inayofika upande wa pili ulio mzima.

Ni ufundi wa kusifiwa. Ila melanoma ya jicho huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeupe, na ni nadra kwa Waafrika. Zinazobisha hodi Namatala ni nyingine mbili: retinoblastoma ya watoto, na saratani ya ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho kwa watu wazima.

Mwali wenye ukungu

Tiba ya mionzi ya Uganda imejikita Mulago, Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967. Chimbuko lake ni uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari aliyepoteza jicho moja utotoni na kwa lile lililobaki akaona ambacho wenzake hawakukiona.

Kwa miaka mingi nchi nzima ilitegemea mashine moja ya koboliti iliyopatikana mwaka 1995. Mwali wa koboliti huua saratani vizuri, lakini kingo zake zina ukungu, kama mwanga wa tochi ya zamani usiokatika mara moja pembeni. Kwenye tumbo au nyonga ukungu huo unavumilika. Kwenye jicho, ukungu wa milimita chache ndio lenzi yenyewe. Mwaka 2016 mashine hiyo iliharibika kabisa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu wagonjwa 400, na mashine mpya ikazinduliwa Januari 2018. Baadaye Mulago ikapata mashine za kisasa za linaki, ambazo mwali wake una kingo kali na unaweza kuchongwa ufuate umbo la uvimbe.

Kwa hiyo mashine ipo. Kilichobaki ni barabara. Kutoka Mbale hadi Mulago ni zaidi ya kilomita 200, na kwa wanaopitia Jinja kuna mto Nile wa kuvuka. Zile dozi ndogo ndogo zinazolinda seli nzima zina maana moja kwa mzazi: wiki kadhaa za kulala Kampala, kula Kampala, na kuacha kibanda cha nyanya bila mwangalizi. Akikosa nauli akaruka siku, saratani hupata nafasi ya kupumua. Kitabibu kinga ya jicho ni hesabu ya dozi, lakini kwa mtu wa Namatala ni godoro la kulalia mjini.

Kinga iliyo bora kuliko zote

Kwa retinoblastoma, madaktari waligundua kwamba kinga bora ni kutoipiga mionzi kabisa inapowezekana. Mwaka 1971 mtafiti Alfred Knudson alieleza jinsi ugonjwa huu unavyotokana na hitilafu mbili za vinasaba, na kwamba watoto wengine huzaliwa na hitilafu ya kwanza tayari imo katika kila seli. Watoto hao wakipigwa mwali kutoka nje, hatari ya kupata saratani nyingine ukubwani hupanda. Tangu miaka ya 1990 tibakemikali, leza na kugandisha uvimbe kwa baridi kali vimechukua nafasi ya kwanza.

Uganda yenyewe ina ushahidi wake. Kituo cha Macho cha Ruharo, Mbarara, kilianza tibakemikali kwa watoto hawa mwaka 2009. Matokeo yaliyochapishwa na Keith Waddell na wenzake yalionyesha wanaopona wakipanda kutoka karibu asilimia 45 hadi karibu 65.

Kwa watu wazima hadithi ni hiyohiyo: ipo tiba isiyohitaji mionzi, na wanaoihitaji wameongezeka. Mwaka 1995 mtafiti Ateenyi-Agaba alionyesha kwamba saratani ya weupe wa jicho jijini Kampala ilipanda kutoka watu 6 kwa milioni kwa mwaka hadi 35 kufikia 1992, VVU vikichangia. Jua kali nalo lina mkono wake. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 na Stephen Gichuhi na wenzake ulionyesha kwamba baada ya kukata kinyama cha saratani hiyo, matone ya dawa ya fluorourasili yalipunguza kurudi kwa ugonjwa: wagonjwa 5 kati ya 47, dhidi ya 17 kati ya 47 waliopewa matone yasiyo na dawa. Matone hutumiwa nyumbani, bila barakoa wala wiki za kulala Kampala.

Lakini matone na leza hufaa pale uvimbe ungali mdogo. Ukishajaza jicho, mazungumzo hugeuka kuwa ya kuling'oa, na ukishatoka nje ya jicho, mazungumzo ni ya uhai.

Basi leo jioni, taa ikiwashwa, mwangalie mwanao machoni. Mpige picha kwa mwanga wa simu. Ukiona weupe kwenye mboni, makengeza mapya, au kwa mtu mzima kinyama kinachokua kwenye weupe wa jicho, usisubiri msimu wa mpunga uishe. Nenda kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya Mbale au Jinja, au hospitali ya macho ya Benedictine, Tororo. Na wanaopanga bajeti ya afya wakumbuke nauli na malazi ya mzazi: bila hivyo, linaki ya Mulago haimfikii mtoto wa Namatala.