Kuta Nene za Mji wa Kale na Hesabu za Kompyuta

Jamaa zetu walichanga pesa kurekebisha nyumba ya urithi iliyoko Kibokoni. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kubomolewa na kujengwa upya, na nyumba nzima ipigwe plasta ya chokaa. Kijana mmoja aliyesomea uchoraji wa majengo akaitia nyumba yote kwenye kompyuta, akatoa karatasi safi: mawe kiasi hiki, chokaa kiasi hiki. Sote tukaridhika. Kazi ilipofika katikati, chokaa ya plasta ikaisha, na mawe yakabaki rundo uani. Aliyewahi kuchangisha anajua kwamba mchango wa pili hauji kama wa kwanza.

Kijana hakukosea kujumlisha, maana kompyuta ndiyo iliyojumlisha. Kosa lilikuwa katika alivyouchora ukuta. Programu kama Revit na ArchiCAD hazipimi nyumba, zinapima mchoro. Nao wengi huanza na ukuta wa matofali wa sentimita 20, ulionyooka. Kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita au kuzidi. Vyumba navyo ni vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali.

Chukua chumba cha mita 10 kwa 4 kwa nje, kimo mita 3.5, ukuta nusu mita. Ukichora kuta nne kila moja kwa urefu wake wote wa nje, bila kuziunganisha konani, unapata mita 28 za ukuta, yaani mita za ujazo 49. Lakini kila kona imehesabiwa mara mbili. Hesabu ya haki hupita katikati ya ukuta: mita 26, na ujazo 45.5. Umenunua mita 3.5 za ujazo zisizo na kazi. Kwa ukuta wa sentimita 20, kosa lile lile lingekuwa kama nusu mita tu ya ujazo, wala hakuna ambaye angeliona. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuchora fleti za Nyali anaweza kuishi miaka na kosa hili bila kulijua.

Zidaka ndizo zilizotumaliza. Mchoraji hakuchora kidaka, alichukua dirisha akaliweka mahali pake. Dirisha hutoboa ukuta mpaka ng'ambo, kidaka hakitoboi. Kidaka cha upana wa nusu mita, kimo sentimita 60 na kina sentimita 25 hakipunguzi plasta hata kidogo: mgongo wake bado unapakwa, na kingo zake nne zinaongeza mita za mraba 0.55. Kompyuta, ikidhani ni dirisha, ilitoa 0.3 upande wa ndani. Kwa zidaka 20, tofauti ni mita za mraba 17, bila kuhesabu zile 6 ilizotoa upande wa pili wa ukuta, ambao haukuwa na tundu lolote.

Milango ni vivyo hivyo. Mlango wa mita 1.2 kwa 2.4 katika ukuta wa nusu mita una mbavu za mita za mraba 3, ukiacha sehemu inayofunikwa na fremu. Mbavu hizo programu haizihesabu, isipokuwa umeiagiza ikunje plasta iingie ndani ya tundu. Wengi hawaagizi.

Tena unene wenyewe usikisiwe. Upime kwenye milango na madirisha, ambako ukuta unaonekana wote, tena juu na chini, kwa kuwa ghorofa ya chini yaweza kuwa nene kuliko ya juu.

Lipo jambo ambalo mchoro hauwezi kukwambia. Ujazo wa ukuta wa mawe yasiyochongwa si mawe matupu. Chokaa imejaza kila pengo. Hapo mimi namwamini mwashi kuliko jedwali: ajenge mita moja, mhesabu karai za chokaa na mikokoteni ya mawe, kisha mzidishe. Na mtu asikushawishi kufidia upungufu kwa simiti. Simiti huziba unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, ukarabati wake una idhini na masharti.

Lori haliingii vichochoroni, kila jiwe linakokotwa. Lile rundo letu lilirudi barabarani kwa mikokoteni ile ile, na kuilipia tuliilipia mara mbili.